Gumba Lako Linakudanganya: Maneno Machache Kuhusu Raba za Kukimbia

Haya, leo tuongee kuhusu kidole gumba.

Vuka daraja la Nyali uende Kongowea siku yoyote, simama pale penye viatu vya mtumba, halafu tazama vile watu wananunua raba za kukimbia. Wote wana mtindo mmoja. Mtu anaingiza mkono ndani ya kiatu, anabonyeza na gumba, anamgeukia mwenzake: "Eeh, hii laini bwana." Wanavutana bei kidogo, pesa zinatoka, kiatu kinaingia mfukoni. Na si Kongowea peke yake. Huku kisiwani madukani, viatu vipya kabisa ndani ya boksi, ni gumba lile lile.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaonuna: gumba linakudanganya. Ukibonyeza pale ndani unajaribu ule mkeka mwembamba wa juu, milimita chache za sponji ambazo waweza kuzing'oa kwa vidole viwili na kuzirudisha. Mkeka ule kazi yake ni kukufurahisha dukani. Kile kitakachokubeba kilomita tano kesho asubuhi kiko chini yake, na gumba halijafika huko.

Kama unanunua raba za kupigia picha pale Fort Jesus, hii haikuhusu. Vaa unachopenda, upendeze, tutakulaiki. Naongea na wewe unayekimbia kweli. Na mko wengi siku hizi. Ukitoka alfajiri baada ya swala utawaona, wawili wawili, wakitoka Kibokoni na Makadara kuelekea Mama Ngina kabla jua halijawa kali. Wasichana wa buibui na raba, vijana wanaofanya kazi bandarini, wazee walioambiwa na daktari wapunguze sukari. Na karibu sote tunakimbia juu ya ugumu. Kabro, lami, saruji. Kisiwa chenyewe ni mwamba wa matumbawe. Zile njia za udongo mwekundu za Iten mnazoziona kwenye video, sisi hatuna. Kwa hivyo swali la nini kiko kati ya mguu wako na kabro si swali la mapambo.

Mimi lilinishika kwa sababu ya binti wa khale yangu. Yuko form three, anakimbia mita 1,500 na 5,000 shuleni kwao, na pumzi anazo, mashallah. Mamake alijibana kwenye pesa za chama akamnunulia raba za jina kubwa, tena za dukani, si mtumba. Miezi mitatu haijaisha, mtoto anashika muundi wa mguu kila akimaliza mazoezi. Akaanza kuyakwepa. Siku moja akaniambia, "Kaka, mimi nadhani miguu yangu ni mibovu. Kukimbia si kwangu."

Ana miaka kumi na sita, na tayari ameshajihukumu.

Soli ya kiatu chake kimoja ilikuwa imeanza kuachia pembeni, basi tukakipeleka kwa fundi mmoja anayekaa barazani, uchochoro wa pili kutoka Ndia Kuu. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hebu nipa nikione."

Gundi hakuigusa. Alikikunja kiatu, akakitazama ubavuni, akaingiza kidole pale palipoachia na kubonyeza. Kisha akatikisa kichwa. "Waona hapa? Juu kizima, tini kizima, kati hamna kitu."

Akatoa raba nyingine iliyokufa kwenye gunia lake la mabaki, akaipasua kwa kisu kutoka kisigino hadi kidoleni, akatuwekea vipande viwili mbele yetu. Darasa zima la sayansi ya viatu liko pale, na ada hatukulipa.

Ukikitazama kiatu kwa ubavu kikiwa kimepasuliwa, unaona hivi. Juu kabisa ni ule mkeka wa ndani niliousema. Chini kabisa ni mpira mgumu unaogusa barabara. Kazi yake ni kushika njia na kuvumilia kusuguliwa. Kati ya hivi viwili ndipo palipo na tabaka nene, aghlabu jeupe, kama kipande cha godoro gumu. Hiyo ndiyo soli ya kati. Ndiyo kiatu chenyewe. Vingine vyote ni nguo zake.

Tangu miaka ya 1970, raba nyingi za kukimbia zimekuwa zikitengenezwa na soli ya kati ya plastiki inayoitwa EVA. Ile plastiki hufurishwa kwa gesi mpaka ijae vitundu vidogo vidogo. Kata kitumbua katikati utapata picha. Tofauti ni kwamba vitundu vya EVA vimefungwa kila kimoja peke yake, hewa haitoki. Ukikanyaga, vinabonyea. Ukiinua mguu, vinarudi.

Sasa kwa nini hilo linasaidia? Fanya jaribio hili pole pole, usije ukaniletea bili ya hospitali. Panda kidaraja kimoja cha ngazi, ruka chini ukiwa umekaza magoti. Utasikia mpaka kwenye meno. Ruka tena, safari hii ukunje magoti unapotua. Hamna kitu. Uzito wako ni ule ule na ngazi ni ile ile. Kilichobadilika ni muda. Magoti yalipokunja, mwili ulichukua muda mrefu zaidi kusimama, na pigo likatawanyika ndani ya ule muda.

Soli ya kati hufanya jambo hilo hilo. Unapokimbia, kila hatua mguu mmoja unapokea nguvu kama mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Ukiwa na kilo 60, hizo ni kilo 120 mpaka 180, zaidi ya magunia mawili ya mchele ya kilo 50, juu ya mguu mmoja, kwa kama robo ya sekunde. Na kilomita moja ni karibu hatua elfu moja. Ile sponji inapobonyea, inarefusha kidogo muda wa pigo la kwanza. Kidogo tu, lakini mara elfu moja kwa kila kilomita.

Hapa ndipo gumba linapoharibu mambo. Sponji laini sana hubonyea mpaka mwisho. Ikishafika mwisho, haina tena pa kwenda, na unabaki unakanyaga mpira na kabro moja kwa moja. Ni kama godoro la zamani la nyumbani kwa bibi: ukilikalia ni laini, ukililalia unahisi mbao za kitanda. Gumba lako linasukuma kwa kilo chache. Mguu wako unasukuma kwa kilo mia na kitu. Kinachoonekana laini kwa gumba chaweza kuwa hakina chochote kwa mguu, na kinachoonekana kigumu kwa gumba chaweza kuwa sawasawa kabisa ukianza kukimbia.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawatakwambia. Mguu wako mwenyewe una matabaka yake. Chini ya kisigino kuna mto wa mafuta uliogawanywa vyumba vyumba, kama sponji. Halafu kuna upinde wa unyayo unaofunguka na kufunga. Halafu kano ya kisigino, misuli ya nyuma ya mguu, goti, nyonga. Yote hayo ni springi. Na mwili una akili. Ukihisi chini ni laini, unakaza miguu. Ukihisi chini ni kugumu, unailegeza. Wenyewe, bila wewe kuamua.

Ndiyo maana utafiti kuhusu viatu laini hautoi jibu moja. Mwaka 2018 watafiti wa Finland walichapisha matokeo yanayoshangaza: wakimbiaji waliovaa raba zenye sponji nene sana walipata pigo kubwa zaidi walipoongeza kasi, kuliko walipovaa raba za kawaida. Miguu ilikuwa imekazwa zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Luxembourg nao wakachapisha matokeo ya wakimbiaji zaidi ya 800, waliopewa viatu vya sura moja, vingine na sponji ngumu na vingine laini. Wenye sponji ngumu waliumia zaidi, hasa wale wenye miili myepesi.

Ukiyaweka pamoja unapata nini? Sponji ina maana, tena kwa vijana wembamba kama binti wa khale yangu ina maana sana. Lakini kuongeza unene na ulaini bila kikomo hakuongezi kinga. Kuna kiasi, na kiasi hicho hutegemea uzito wako na kasi yako. Anayekwambia "hii ni laini zaidi kwa hivyo ni bora zaidi" anauza.

Najua kuna mtu tayari anauliza: na Kipchoge je? Si zile raba zake ni nene kama mkate wa boflo?

Swali zuri. Ile ni kazi nyingine ya sponji. Mpaka hapa tumeongea kuhusu kupokea pigo. Kuna pia kurudisha nguvu. Kila sponji ikibonyea inameza nguvu, halafu inarudisha sehemu na kupoteza sehemu kama joto. Nike walipotoa Vaporfly mwaka 2017, walitumia sponji ya plastiki iitwayo Pebax na bamba la kaboni ndani yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado waliipima, kwa utafiti uliolipiwa na Nike wenyewe. Ilirudisha nguvu kwa asilimia 87. Raba ya mashindano ya Nike ya EVA walioilinganisha nayo ilirudisha asilimia 65.5, na ya Adidas yenye sponji ya Boost asilimia 75.9. Wakimbiaji 18 waliopimwa walitumia nguvu pungufu kwa wastani wa asilimia 4.

Asilimia 4 kwa mtu anayekimbia kilomita 42 ni dunia nyingine. Oktoba 12, 2019, pale Vienna, Eliud Kipchoge akakimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40. Kesho yake Brigid Kosgei akakimbia 2:14:04 Chicago, rekodi ya dunia ya wanawake. Januari 2020 World Athletics wakaingilia kati: soli ya raba za mbio za barabarani isizidi milimita 40, na bamba liwe moja tu. Yaani unene wa sponji sasa uko kwenye sheria, kama vile mpira una sheria ya kuotea.

Lakini soma vizuri kabla hujatafuta raba ya aina ile. Mwaka 2023 Adidas walitoa Adizero Adios Pro Evo 1, ile ambayo Tigst Assefa wa Ethiopia aliivaa Berlin akakimbia 2:11:53. Ina gramu 138, na bei yake ilikuwa dola 500. Adidas wenyewe walisema imetengenezwa kwa mbio moja ya marathoni na mazoezi kidogo ya kuizoea. Mbio moja! Mimi na wewe tunaotaka raba itufikishe Ramadhani ijayo, teknolojia ile haikutengenezwa kwa ajili yetu. Kwa hivyo ukiona "kaboni" kwenye raba ya elfu mbili mia tano mtaani, jua unanunua neno.

Sasa turudi nyumbani, manake Mombasa ina adui wake wa sponji, na ni hewa.

Wenye umri wanakumbuka Machi 24, 2007, Mbio za Nyika za Dunia zilipofanyika hapa hapa, kwenye uwanja wa gofu ulio karibu na Mama Ngina. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu kila mwaka kuanzia 2002 hadi 2006. Hapa aliacha mbio njiani. Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ushindi. Joto na unyevu wa siku ile viliwamaliza watu waliozoea kushinda dunia nzima. Sasa fikiria hewa ile ile inavyofanya kazi juu ya kiatu chako, mchana na usiku, mwaka mzima.

EVA haipendi joto. Mshaacha Crocs juani mkazikuta zimesinyaa? Ile ni plastiki ya ukoo huo huo. Ukianika raba juu ya bati au juu ya ukuta wa dari saa saba mchana, unaipika. Na kuna sponji nyingine, ya poliyurethani, inayotumika kwenye baadhi ya raba, hasa za zamani. Hiyo adui yake ni unyevu. Maji yaliyomo hewani huivunja pole pole, hata kama kiatu kimelala ndani ya boksi. Ndiyo ile hadithi ya kila familia: raba za ughaibuni zilizohifadhiwa kwa ajili ya Idi, siku ya kuvaliwa zinabomoka mguuni kama biskuti iliyochovywa chai. Watu husema zimerogwa. Hazikurogwa, zimezeeka kabatini.

Kwa hivyo mtumba unaong'aa si lazima uwe mzima. Kiatu kimekaa miaka mingapi huko Ulaya, kimekaa muda gani ndani ya kontena, hujui. Na kiatu feki kipya nacho kinaiga kile macho yanaona: rangi, alama, mshono. Soli ya kati haionekani, kwa nini mtu apoteze pesa huko?

Nasikia pia wale wa "Bikila alikimbia bila viatu." Ni kweli. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 miguu mitupu. Na mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walionyesha, wakiwemo wakimbiaji wa Bonde la Ufa hapa Kenya, kwamba waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, si kwa kisigino, na pigo linapungua. Lakini soma lile neno "waliozoea". Wamekua hivyo. Wewe uliyevaa viatu vya shule tangu nasari, ukiamka kesho ukimbie peku kwenye kabro zenye vipande vya chupa, tutakutembelea na machungwa.

Basi unanunuaje? Haya ndiyo fundi alituonyesha, na mengine nimeyaongeza mwenyewe.

Usibonyeze ndani. Bonyeza ubavuni, kwenye soli ya kati yenyewe, upande wa kisigino. Inafaa ibonyee kidogo na irudi papo hapo. Ikibaki na alama ya kidole, imechoka. Ikiwa kama jiwe, imezeeka.

Tazama mikunjo. Ubavu wa soli ukiwa na mistari mingi iliyojikunja kama paji la uso la mzee, na haiondoki ukiivuta, vile vitundu ndani vimeshalala.

Weka viatu vyote viwili kwenye meza au baraza iliyo sawa, uvitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza ameshakikanyaga kikakubali mguu wake, si wako.

Kwaruza soli kwa ukucha. Ikitoa unga, rudisha, hata ukipewa bure.

Angalia kitambulisho kidogo ndani ya ulimi wa kiatu. Nyingi huandika tarehe ya kutengenezwa. Kiatu cha miaka kumi ni cha miaka kumi hata kama hakijavaliwa.

Halafu mwambie muuzaji akuruhusu ukimbie hatua ishirini. Siyo kutembea. Akikataa, kuna wengine mia.

Ukishakuwa nacho, kianike kivulini penye upepo, toa mkeka wa ndani ukauke peke yake. Ukiweza kuwa na jozi mbili za bei ya chini na kuzipokeza, ni bora kuliko moja ya bei ghali, kwa sababu sponji inahitaji muda kurudi sawa baada ya kubonyezwa maelfu ya mara. Na usizivae kila mahali. Kampuni nyingi husema raba ya EVA ina kilomita 500 hadi 800. Ukienda nazo mjini, sokoni na kwa shangazi, hizo nazo zinahesabika.

Kuhusu binti wa khale yangu: maumivu ya muundi huja kwa mambo mengi, na kuongeza mazoezi haraka ni la kwanza. Kwa hivyo alipelekwa kliniki, akapumzika wiki kadhaa, akaanza upya taratibu. Kiatu kile cha jina kubwa hakikurudi mguuni. Alipata mtumba wa jina ambalo hakuna mtu darasani kwao analijua, una rangi ya njano isiyopendeza hata kidogo, lakini soli ya kati iko hai. Anakimbia.

Kinachonichoma ni lile neno lake, "miguu yangu ni mibovu." Ni wangapi mtaani wameacha kukimbia kwa neno hilo? Wazazi wetu wanajibana kwenye chama kununua kitu ambacho hakuna aliyewaeleza kinafanya kazi vipi, kisha kikishindwa, mtoto anaulaumu mwili wake. Kijana wa Kisauni au Majengo haambiwi kwamba sponji ina umri. Anaambiwa avumilie.

Mguu wako una haki ya kusikilizwa kabla ya alama ya kampuni. Ukiumwa kila ukikimbia, pumzika, muone daktari, halafu kigeuze kiatu ukitazame ubavuni. Na ukienda kununua kingine, toa mkono ndani, bonyeza pembeni.